Ziada ya Kwenye Sirinji

Fundi wa pili wa maabara alilegeza bolti ya mwisho, akanyanyua kifuniko cha mtungi kwa mikono miwili, kisha akasogea pembeni ili Mkemia achungulie mwenyewe. Ilikuwa mara ya tatu mfululizo, na hakutaka tena kuwa yeye wa kutoa habari. Mkemia alichungulia. Chini kabisa, kuzunguka mapanga ya kikorogeo, kulikuwa na unga mweupe ambao usingejaza hata kikombe cha chai. Mwezi uliopita, mtungi huohuo wa chuma wa lita mbili, kwa vipimo vilevile, ulikuwa ukijaa unga wa polithini hadi wakawa wanaukwangua kwa mwiko.

"Kama gramu ishirini hivi," alisema Mkemia kwa sauti iliyotoka nusu.

"Kwa jicho mimi sisemi," alijibu fundi. "Tukaushe, tupime, tuandike."

Ndiyo maana maabara nzima ilimwita Fomu. Alikuwa mtu mwema, asiye na neno na mtu, lakini hakuwahi kufanya kitu ambacho hakikuandikwa kwenye karatasi, wala kuruka kilichoandikwa. Siku hiyo alikuwa ameuosha mtungi kwa heksani, kimiminika kama petroli kisicho na maji, ameukausha kwa moto na naitrojeni saa mbili kamili, na kila mstari wa fomu aliutilia alama ya vema yenye mkia ulionyooka. Hakuna ambaye angemnyooshea kidole. Kidole, kama kingenyooshwa, kingemwelekea Mkemia.

Unga ukakaushwa, ukapimwa. Gramu kumi na tisa nukta nne.

Kazi yenyewe, ukimweleza mtu wa nyumbani, si ngumu kuielewa. Ndoo, mapipa, mabomba ya maji, mifuko, vyote hivyo vya polithini vinatokana na gesi moja, ethilini, ambayo chembe zake zinaunganishwa moja baada ya nyingine mpaka zinakuwa mnyororo mrefu. Anayeunganisha ni titani. Lakini titani ikiwekwa mtungini peke yake inalala fofofo, gesi inapita juu yake na kwenda zake. Lazima iamshwe, na kinachoiamsha ni kimiminika cha alumini. Vitabu vinakiita kichocheo mwenza. Watu wa maabara wanakiita alumini tu, kwa heshima na kwa woga, kwa sababu kikigusa hewa kinawaka chenyewe, na kikikutana na maji kinalipuka. Ukiweka kidogo mno, titani haifumbui jicho. Ukizidisha, inaamka kwa fujo, inafanya kazi kwa pupa nusu saa, kisha inachoka. Mnyororo unatoka mfupi na unga unakuwa vumbi la kuziba mabomba.

Kiwandani walikuwa wakitumia chembe mia na hamsini za alumini kwa kila chembe moja ya titani. Mkemia, binti aliyemaliza chuo mwaka uliotangulia na ambaye bado alikuwa anabisha hodi hata kwenye milango iliyo wazi, alikuwa ameonyesha kwamba thelathini zinatosha. Alikuwa amelionyesha hilo mara kumi na tisa. Unga ulitoka mzito, chembe zake zimelingana kama mchanga uliochekechwa. Mkuu wa maabara, ambaye kwa kutoridhika na namba yoyote isiyo na nukta alipewa jina la Desimali, alifurahi kwa namna yake, yaani alinyamaza siku nzima. Kesho yake akasema matokeo ya mkono mmoja si matokeo. Yarudiwe na mkono mwingine.

Mkono mmoja huo ulikuwa wa wifi yake Mkemia.

Wifi alikuwa mke wa kaka yake mkubwa, na miaka kumi na miwili alikuwa fundi wa mtungi ule. Mkemia aliishi kwao tangu alipoingia chuo, na kama ana elimu hiyo leo ni kwa sababu wifi ndiye aliyekuwa akirudi nyumbani na hadithi za kimiminika kinachowaka bila kiberiti, akizisimulia huku anamenya vitunguu, mpaka binti yule mwenye haya akajikuta anataka kukiona kwa macho yake. Lakini wiki tatu kabla ya siku hii, wifi alikanyaga punje za polithini zilizomwagika mbele ya stoo, akateleza, na kifundo cha mguu kikateguka vibaya. Alifungwa bendeji hadi gotini. Kila aliyekuja kumjulia hali aliambiwa kwamba ameangushwa na watoto aliowazaa mwenyewe.

Kwa hiyo marudio yalifanywa na Fomu. Ya kwanza, gramu ishirini na mbili. Ya pili, kumi na saba. Ya tatu ndiyo hiyo. Na Alhamisi kulikuwa na kikao cha kuamua kama jaribio liendelee au lifungwe. Mkataba wa Mkemia ulikuwa wa jaribio hilo, si wa maabara; likifungwa, naye anakusanya vitu vyake mwisho wa mwezi. Hilo peke yake angelibeba. Lililomuuma ni maneno ya kwenye korido. Asubuhi ya siku hiyohiyo, Jumanne, aliwapita wasichana wawili wa chumba cha vipimo, na mmoja akasema, si kwa kunong'ona sana, kwamba yale yalikuwa majibu ya kifamilia, wifi anapika na wifi anapakua. Mwenzake akacheka. Mkemia aliwasalimia kama kawaida, akaingia chooni, akakaa huko mpaka uso ulipotulia.

Alikuwa amekwisha kulaumu kila kitu. Alifungua chupa mpya ya titani, akabadilisha mtungi wa gesi, akaagiza heksani ya pipa jingine. Alipiga hesabu zake upya mara nne, akitamani akute kosa, hata la aibu, mradi liwe kosa linaloonekana. Hakulipata.

Jumanne hiyo alifika nyumbani jua bado liko juu. Kaka yake alikuwa kwenye sinki anaosha vyombo, kazi aliyojifunza ukubwani baada ya mguu wa mke wake kuteguka, na aliifanya kwa makeke, povu hadi viwikoni. Wifi alikaa kwenye kiti karibu na jiko, mguu umelazwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakata nyanya kwenye bakuli lililo mapajani. Alimtazama Mkemia mara moja tu.

"Imegoma tena."

Mkemia aliitikia kwa kichwa, akavuta stuli, akakaa. Kaka yake aliuliza kama imegoma sana au kidogo, na wifi akamwambia aoshe masufuria, hayo si mambo ya kuuliza mtu kabla hajanywa maji. Basi akaletewa maji. Alipokwisha kunywa alianza kueleza, na kwa kuwa alikuwa nyumbani maneno yalimtoka vizuri: titani ile ile, alumini ile ile, thelathini kwa moja, joto nyuzi themanini, saa nzima, na mwisho wake gramu kumi na tisa.

"Na mtungi aliuosha?"

"Aliuosha. Heksani mara mbili, halafu moto na naitrojeni saa mbili. Fomu unamjua."

"Hiyo ni kuosha kwa macho," alisema wifi, na kisu hakikusimama. "Nasema kuosha kwa ile ziada ya kwenye sirinji."

Mkemia alimwangalia asielewe. Wifi naye akamwangalia, na safari hii kisu kikasimama.

"Ziada ya sirinji," alirudia, taratibu, kama anayemwonyesha mgeni njia. "Si unavuta alumini nyingi kidogo kuliko unayotaka, ili isiingie hewa? Halafu naitenga ya kwako kwenye sirinji ya pili, nyingine inabaki. Sasa ile inayobaki mimi naisukuma mtungini na heksani kidogo, nafunga, nakorogesha dakika kumi kukiwa na joto, ndipo naimwaga kwenye chupa ya spiriti ikafie huko. Mtungi unakauka hasa. Ndipo naita, wifi lete titani yako."

Bomba la sinki lilikuwa bado linamwaga maji. Kaka akalifunga.

Mkemia aliweka bilauri yake chini. Aliona kila kitu kwa mara moja, wazi kama mtu aliyewashiwa taa. Chuma, hata ukikikausha vipi, kinabaki na unyevu usioonekana, na msimu huu wa mvua ndiyo kabisa. Alumini inachukia maji kuliko kitu chochote. Ikiingia kwenye mtungi wenye unyevu, kabla haijaitazama titani, inayashambulia maji na kufia hapohapo. Ukiweka mia na hamsini, zinakufa thelathini na nyingine nyingi zinabaki kuamsha titani. Ukiweka thelathini, zinakufa zote mlangoni. Mara kumi na tisa thelathini zake zilitosha kwa sababu kuna nyingine zilizotangulia kufuta nyumba, na hakuna aliyeziandika.

"Wifi," alisema, "kwenye fomu hakuna mstari wa kitu hicho."

"Najua hakuna. Kuna mstari wa ziada kuuawa. Nasaini hapo."

"Unasaini kwamba umeiua."

"Nimeiua. Ila kwanza nimeituma kazi." Wifi alitaka kucheka, lakini uso wa Mkemia ukamzuia. "Mimi nilidhani unajua. Nilidhani nyinyi wasomi ndiyo mnajua zaidi. Miaka ile ya mwanzo, mvua ikinyesha, mtungi ulikuwa unanuna. Siku moja nikajaribu hivyo, ukaacha kununa. Basi nikaendelea. Nani angeniuliza?"

Hakuna aliyemuuliza. Wakati wifi anaandaa mtungi, Mkemia huwa chumba cha pili, mikono yake miwili imeingia kwenye glavu za kisanduku cha kioo, anapima miligramu thelathini za titani kwa pumzi iliyobanwa. Walikula meza moja, walianika nguo kamba moja, na mara kumi na tisa hakuwahi kumuuliza wifi yake anafanya nini kwa mtungi kabla ya kumwita.

Sharti la usalama lilikuwa wazi, limebandikwa ukutani kwa herufi nyekundu: ziada ya alumini iuawe mara moja, isitumike kwa kazi nyingine yoyote. Mwaka juzi fundi mmoja alisimamishwa kazi kwa kosa dogo kuliko hilo. Na hata kama si usalama, watu wa korido wangesema nini? Kwamba ni kweli, wifi alikuwa anapika.

Mkemia alisema atawaambia kikaoni kwamba hajui. Alisema haraka, akitazama sakafu. Atasema hajui, wafunge jaribio, atatafuta kazi nyingine, ya kufundisha labda. Kaka yake alikuwa amesimama na sufuria linalochuruzika, akamtazama mdogo wake, akamtazama mke wake, na kwa kuwa hakuona upande wa kuegemea bila kumwumiza mtu, alisema nguo zitakuwa zimekauka, akatoka nje.

Wifi aliweka bakuli la nyanya chini.

"Nani kakuomba unifiche?"

"Watakufukuza."

"Labda. Lakini sikiliza, wifi. Miaka kumi na miwili naingia pale, hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini kwangu mtungi haununi. Wanasema nina mkono mzuri. Mkono mzuri, kama vile ni upepo umenipitia. Leo kwa mara ya kwanza kuna sababu ya mtu kuuliza, na wewe unataka kwenda kuwaambia hujui?"

Mkemia alifunika uso kwa viganja. Machozi yalikuwa yamekwisha kumtoka, na wifi, ambaye hakupenda machozi jikoni, alimrushia taulo la vyombo.

"Jifute. Utasema. Ila usiwaambie nimekosea. Waambie nilichofanya. Kosa wataliona wenyewe, wale wana macho ya hilo."

Siku iliyofuata Mkemia alijaribu njia ya katikati. Alimwomba Fomu waendeshe mtungi mara moja kabla ya kikao, wauoshe kwanza kwa ziada, waone. Fomu alimsikiliza hadi mwisho, akakuna kidevu, akasema kwa upole kwamba angependa sana kumsaidia, lakini hicho kitu hakimo kwenye fomu, na tena kinapingana na karatasi ya ukutani. Abadilishe fomu kwanza. Kubadilisha fomu kulihitaji saini ya Desimali. Njia ya katikati ikawa imekwisha hapo.

Jioni, kabla ya kuondoka, alifungua daftari lake kwenye jedwali la majaribio kumi na tisa. Miezi minane ya maisha yake ilikuwa kwenye ukurasa ule. Safu ya alumini ilisema thelathini, thelathini, thelathini, hadi chini, na yote ilikuwa si kweli, ingawa hakuna aliyedanganya. Alichukua rula. Alipiga mstari juu ya kila jibu, moja moja, akijizuia asiharakishe.

Alhamisi kikao kilikuwa cha watu watatu tu: Desimali, mama wa usalama, na yeye. Mama wa usalama alikuwa mtu mzima mwenye miwani ya kamba, aliyewahi kuzima moto wa alumini kwa mchanga mkavu na kovu la siku hiyo bado lilikuwa kwenye mkono wake. Mbele ya Mkemia kulikuwa na karatasi aliyoiandika vizuri, sentensi kwa sentensi. Alipoanza kuisoma herufi zilicheza. Akasoma sentensi ya kwanza, akasoma ya kwanza tena. Desimali aligonga meza kwa kalamu, si kwa ukali.

"Eleza tu," alisema. "Karatasi tutaisoma baadaye."

Basi akaigeuza karatasi kifudifudi, akaeleza kama wifi angeeleza. Alisema titani imelala chumba cha ndani, na alumini ndiyo iliyotumwa kumwamsha, lakini nyumba imelowa, na huyu aliyetumwa hawezi kupita juu ya maji bila kuyafuta, na akifuta anaishia hapohapo. Kwa Fomu, wote waliotumwa waliishia mlangoni. Kwa fundi wa kwanza, kulikuwa na waliotangulia kufuta. Akasema waliotangulia walitoka wapi. Akasema mstari gani wa fomu ulisainiwa. Hakusema mtu amekosea.

Mama wa usalama alivua miwani.

"Huyo fundi ni nani kwako?"

"Ni wifi yangu. Mke wa kaka."

"Alisaini kwamba ziada imeuawa."

"Imeuawa, mama. Ila kwanza ilitumwa kazi."

Mama wa usalama aliinamisha kichwa kufuta miwani ambayo haikuwa na vumbi, na mabega yake yalitikisika kidogo. Alipoinua uso ulikuwa umerudi mahali pake. Alisema kimiminika kile hakina utani, kwamba kila hatua ya ziada ni nafasi ya ziada ya moto, kwamba barua ya onyo itaandikwa leo, na fundi yule hatagusa mtungi mpaka kamati yake ikae. Mkemia alisema sawa. Alikuwa ametazamia mabaya zaidi, na hata hivyo neno onyo lilimchoma kama limeandikwa jina lake mwenyewe.

Zamu ikawa ya Desimali. Aliuliza, "Na wewe ulijua?"

"Hapana. Nilikuwa chumba cha pili, napima titani."

"Mara kumi na tisa. Hukuuliza?"

"Sikuuliza. Hilo ni langu."

"Ziada hiyo ilikuwa mililita ngapi kila mara?"

"Sijui. Hakupima."

"Kwa hiyo nina majibu kumi na tisa ambayo sijui ni ya kiasi gani cha alumini."

Mkemia alisukuma daftari mbele yake, limefunguliwa kwenye ule ukurasa. Desimali alipitisha kidole juu ya mistari ile iliyopigwa kwa rula, kutoka juu hadi chini. Labda alikuwa anaihesabu. Halafu akafunika kalamu yake kifuniko, akasema Jumatatu. Asubuhi mtungi mkavu bila kuoshwa kwa alumini, mchana mtungi uliooshwa kwa kiasi kilichopimwa. Yeye mwenyewe atakuwepo. Mchana ukiwa kama asubuhi, jaribio linafungwa. Na yule fundi aje, akae nyuma ya mstari wa njano, aseme anavyofanya. Kusema si kugusa.

Jumatatu wifi aliingia maabara kwa mkongojo, amefunga kilemba kipya, barua ya onyo ameikunja kwenye pochi kama tiketi. Aliketi kwenye stuli nyuma ya mstari wa njano na kuikalia mikono yake miwili, kwa sababu, alisema, inawasha. Asubuhi ilikwenda kama ilivyotazamiwa: gramu kumi na nane nukta moja. Hakuna aliyeshangaa, lakini Mkemia hakuweza kula chakula cha mchana.

Saa nane Fomu alisimama mbele ya mtungi na fomu mpya mkononi, wino wa saini ya Desimali bado unang'aa, mama wa usalama kando yake na ndoo ya mchanga. Mililita mbili nukta sifuri za ziada. Heksani nusu glasi. Fomu alifunga valvu, akawasha kikorogeo, akatazama saa.

"Joto ulilipandisha?" aliuliza wifi kutoka nyuma.

"Nyuzi sitini, kama ilivyoandikwa."

"Nani kaandika sitini? Sabini. Mtungi huu ni mvivu wa kupata moto, geji inamdanganya."

Fomu alimgeukia Desimali. Desimali akachukua fomu, akakata sitini, akaandika sabini, akatia saini ndogo pembeni. Wifi akakaa vizuri zaidi kwenye stuli.

Dakika kumi zilipita. Walimwaga kioevu kwenye chupa ya spiriti, kikatoa mapovu madogo na kufa kwa adabu. Kisha ikaingia heksani safi, kisha thelathini za alumini, na mwisho titani ambayo Mkemia aliipima na kuirudia mara tatu. Fomu alifungua gesi. Sindano ya geji inayoonyesha gesi inayoingia iliruka juu, mtungi ulipokuwa unajaa, kisha ikashuka hadi karibu na sifuri. Asubuhi ilikuwa imeshuka hivyohivyo na kubaki huko.

Wakasubiri. Dakika moja. Mbili. Desimali alikuwa ameshika daftari lakini haandiki. Mkemia alitazama sindano mpaka macho yakaanza kuiona inatikisika wakati haitikisiki, ikabidi aangalie pembeni, na huko pembeni akakutana na uso wa wifi. Wifi hakuwa anatazama geji hata kidogo. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza.

"Bado," alisema wifi. "Usiwe na papara." Halafu, baada ya kitambo: "Haya. Hiyo inavuta."

Sindano ilikuwa palepale. Fomu alifungua mdomo kusema hivyo, na kabla hajasema ikainuka upana wa unywele, ikatulia, ikainuka tena, polepole na bila kurudi nyuma, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo anaoumudu. Mtungi ulikuwa unakunywa gesi. Joto lake likaanza kupanda lenyewe, na Fomu akalazimika kufungulia maji ya kupoza, kitu ambacho kwake hakijatokea hata mara moja katika marudio yote matatu.

Saa moja baadaye walifungua kifuniko. Safari hii Fomu hakusogea pembeni. Alichungulia yeye kwanza, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi alisema kwa jicho.

"Mia tatu hazipungui."

Zilipungua kidogo. Baada ya kukaushwa zilikuwa mia mbili themanini na sita nukta tano. Desimali aliuliza kama zilikuwa hivyo hata zamani, na wifi akamjibu kwamba zamani zilizidi, ila zamani mkono ulikuwa unamimina mpaka uridhike, sasa umewekewa nukta. Desimali alisema nukta hiyo itatafutwa: mililita moja, tatu, nne, mvua na kiangazi, na kazi hiyo haiishi kwa mwezi. Alisema miezi sita kwanza. Alilisema hilo akimtazama Mkemia, na Mkemia akaitikia kwa kichwa.

Kuhusu mtungi, mama wa usalama alisema kamati itakaa Ijumaa na hawezi kuisemea. Mpaka hapo mkongojo ubaki nyuma ya mstari. Wifi alisema sawa, mguu wenyewe haujapona, na akauliza kama kamati hiyo ina stuli laini kuliko hii.

Mkemia alifungua ukurasa mpya wa daftari. Alichora safu, akaongeza moja ambayo haikuwepo, akaandika jaribio la kwanza. Namba zikatoka zimelala upande.

"Soma tusikie," alisema wifi. "Wengine tuko mbali, hatuoni."

Mbele ya watu watatu wa kazini, jambo ambalo wiki moja iliyopita lingemtoa jasho, Mkemia alisimama na kusoma mstari mzima kwa sauti, kuanzia mililita mbili nukta sifuri.